Ajali Ina Kinga: Mazungumzo na Madereva na Abiria wa Rungwe Mpya



Kila panapotokea msiba barabarani husikika kauli ileile: ajali haina kinga. Tunaitamka kuwafariji waliofiwa, na kwa nia hiyo haina ubaya. Lakini dereva anayeiamini kabla ya kuwasha injini amekwisha kujivua wajibu wake. Leo tunapenda kuzungumzia kinga moja iliyo mikononi mwa kila dereva, nayo ni nafasi: nafasi ya kuona, ya kuamua na ya kusimama.

Tuanze na hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Liendalo kilomita 100 hupita mita 28. Dereva makini huhitaji sekunde moja au zaidi, tangu amwone mtoto akivuka hadi mguu ukanyage breki. Mita hizo zote hupotea kabla mwendo haujaanza kupungua. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana sheria yetu imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi.

Hesabu hii inatuhusu sasa kuliko zamani. Kwa miaka mingi nyanda zetu za Kasulu na Kibondo zilitegemea barabara za vumbi, na mashimo yenyewe ndiyo yaliyompunguzia dereva mwendo. Mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa takriban kilomita 260, umekuja kutuondolea adha hiyo. Lakini pale shimo linapotoweka, dereva hana budi kujizuia mwenyewe. Mbuzi, baiskeli zenye mikungu ya ndizi na watoto watokao shule bado wanapita palepale.

Kwako dereva mpya: usione aibu kupitwa. Tazama mbali, si mbele ya boneti tu. Usilifuate lori ndani ya vumbi lake. Subiri litulie, kwa maana usichokiona hukijui. Mvua za kwanza zinapogeuza udongo kuwa utelezi, teremka kwa gia ndogo, wala usikanyage breki kwa ghafla.

Kwako dereva mzoefu: wahenga walisema mazoea yana taabu. Unaijua kila kona, na ndiyo sababu unathubutu kulipita gari jingine konani. Jana hapakuwa na mtu, nawe unadhani leo ni jana. Kona unaijua, ajaye humjui. Nanyi mnaovuka mpaka wa Manyovu, kumbukeni kwamba Burundi huendesha upande wa kulia. Anayerejea nyumbani ajikumbushe upande wake kabla ya kuondoka, hasa alfajiri barabara ikiwa tupu.

Gari likiharibika, liwekee alama ya pembetatu mbali vya kutosha ili ajaye apate nafasi ya kusimama. Wengi wetu hutandika matawi. Matawi hayo hayang'ai usiku. Na mkiondoka, yaondoeni pamoja na mawe mliyozuilia magurudumu. Jiwe lililosahauliwa huweza kumwangusha mwendesha bodaboda ambaye hamtamjua kamwe.

Abiria nanyi mna sehemu yenu. Nauli mliyolipa ni ya kufika. Kataeni mshikaki kwenye bodaboda, hata kama ni njia fupi ya kwenda gulioni, na ombeni kofia ngumu kabla ya kupanda. Katika gari, fungeni mkanda. Dereva akikimbiza, mwambieni kwa heshima: "Ndugu dereva, punguza mwendo, hatuna haraka hiyo." Mmoja akisema peke yake huonekana mwoga, wakisema watano, dereva husikiliza. Asiposikiliza, polisi hupatikana kwa namba 112.

Hatuwaahidi kwamba mwangalifu hatapatwa na jambo. Tunasema tu kwamba mtoto anayekimbilia mpira barabarani huokolewa na mita chache, na mita hizo dereva huziweka akiba kabla mtoto hajaonekana. Tuziweke akiba hizo kila siku, mpya kwa mzoefu.