Kamera na lenzi: kila kazi iko na yake

Maneno tuliyotoa kwenye mukutano wa wanachama, Baraka

Komite ilituomba sisi wa kazi ya tereni tuseme kidogo juu ya kamera, kwa sababu mufuko wa chama unataka kununua moja, na maneno yamekuwa mengi. Vijana wanasema tununue kubwa yenye lenzi ndefu, sawa zile tunaona ku televizyo pembeni ya kiwanja cha mpira. Wamama wa mashamba wanasema simu inatosha. Na kuko wanaouliza: hiyo feza si ingenunua mbegu? Ulizo la mbegu ni la haki, na njo maana hatutaanza na duka. Tutaanza na kazi.

Lakini kwanza tuelewane juu ya majina. Waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu wanasema lenzi. Waliobaki huku wanasema objektifu. Ni kitu kimoja: kile kioo cha mbele kinachokusanya mwangaza. Sehemu unayoshika mukononi, pahali lenzi inafungwa, tutaiita bodi. Na ndani ya bodi kuko kipande kidogo kinachopokea picha. Hicho ni sensa.

Tulipokaa na komite tulipata kazi hizi: picha za sura kwa karata za wanachama. Mikutano, harusi na matanga, ambako vijana wetu wawili wanataka kupata riziki. Mashamba na mipaka yake, pamoja na majani ya muhogo yenye ugonjwa. Na picha za raporti zinazoenda kwa wafadhili. Mupira uko pia, lakini uko nyuma kabisa.

Sasa, ku soko muuzaji atakuambia kwanza hesabu ya megapikseli. «Hii iko na 24, ile iko na 12, lipa ya 24.» Pole pole. Picha ya sentimeta 10 kwa 15, ile tunayoweka mu albamu, inataka megapikseli karibu 2 tu ili itoke safi. Ukurasa muzima wa A4 hauombi hata 9. Canon EOS 1100D ya mwaka 2011, ambayo leo vijana wanaicheka, iko na 12. Kwa hiyo mutu asitoe feza ya chama juu ya namba hiyo. Namba za kuangalia ziko kwenye lenzi.

Lenzi iko na namba za aina mbili. Ya kwanza ni milimeta. Milimeta kidogo, sema 18, inaona upana mukubwa. Milimeta nyingi, sema 200, inavuta kitu cha mbali. Tuchukue kamera ya kawaida ya Canon, zile za bei ya chini, ambazo sensa yake iko na upana wa milimeta 22 hivi. Ukiwa na 18 unasimama meta tano mbele ya watu na unaingiza upana wa meta sita: kikundi chote cha wamama wa muhogo kinaingia. Ukiwa na 50 utarudi nyuma mupaka meta kumi na nne ili kupata watu walewale. Mu salle yetu hizo meta kumi na nne ziko wapi? Utakuwa umetoka inje, unapiga picha ya ukuta.

Lakini picha ya sura inataka kinyume. Ukitumia 18 na kusogea karibu ili kichwa kijaze picha, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Muzee atakuambia: «Huyu si mimi.» Na ana haki. Kwa 50 unasimama meta mbili, kamera imesimamishwa wima, unapata kichwa na kifua, na sura inabaki sawa tunavyoijua. Kwa karata za wanachama hatuoni lenzi ingine ya kuishinda.

Namba ya pili ni ya mwangaza. Imeandikwa 1.8, ao 3.5, ao 5.6. Hapa watu wengi wanapotea, kwa kuwa namba ndogo njo tundu kubwa. Lenzi ya 1.8 inaingiza mwangaza karibu mara kumi kuliko ile ya 5.6. Hii tunaomba muishike vizuri, kwa sababu sisi tunaishi fasi ambayo umeme hauko, ao unakuja unaenda. Harusi inaanza saa nane muchana kwa karatasi ya mualiko, lakini tunajuana: keki inakatwa saa mbili ya usiku, kwa taa ya batri moja iliyofungwa ku dari. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18 mupaka 55, ukiivuta kabisa inabaki na 5.6. Mu giza hiyo kamera itachelewesha picha, na kila mutu anayecheza atakuwa moshi. Flashi ndogo ya juu ya kamera inasaidia kidogo, lakini inapiga uso wa bibi harusi mupaka jasho linang'aa, na nyuma yake giza tupu.

Sasa ile lenzi ndogo ya Canon ya milimeta 50 yenye 1.8. Ilipotoka mwaka 2015 huko Marekani ilikuwa dola 130 hivi. Uzito wake ni gramu 160. Haina zumu, ukitaka kusogea, tumia miguu yako. Nikon nayo iko na za kwake za 35 na 50, zote 1.8. Ni lenzi za watu wasio na feza nyingi, na kwa giza zinapita lenzi ya kwenye boksi mbali sana. Kijana mwenye bodi ya zamani na lenzi hiyo atarudisha picha nzuri za harusi kuliko mwenye bodi mupya na lenzi ya boksi tu. Feza iende kwenye kioo. Bodi zinazeeka haraka.

Tuseme pia neno juu ya ngozi yetu. Kamera inapima mwangaza wa mbele yake yote na kutafuta wastani. Ukimusimamisha mama mbele ya ukuta mweupe, ao ziwa likiwa linang'aa nyuma yake, kamera inaona mwangaza mwingi, inapunguza, na uso wa mama unakuwa mweusi bila macho wala mudomo. Haiko kosa la ngozi. Kuko kifungo chenye alama ya kujumulisha na kutoa. Ongeza moja, piga tena. Dawa ya bure ni hii: muweke mutu ndani kidogo ya mulango, akiangalia inje, jua lisimuguse. Mwangaza unaingia polepole usoni, na nyuma yake kunakuwa na kivuli. Wapiga picha wa studio wanalipia taa nyingi ili kupata kile mulango wa nyumba ya udongo unatoa bure kila asubui.

Kwa mashamba hatutakaa sana. Mupaka wa shamba unataka upana, 18 inatosha, na ingiza kitu kisichohama: muembe, jiwe kubwa, kona ya nyumba. Kwa jani la muhogo lenye mabaka, wamama mulisema kweli: simu inafanya kazi nzuri, kwa sababu simu nyingi zinaweza kusogea karibu sana kuliko lenzi ya boksi. Kununua lenzi maalumu ya vitu vidogo kwa kazi hiyo itakuwa ni kutupa feza. Paka jambo moja: mukituma picha hiyo kwa agronome kupitia WhatsApp, itumeni kama dokima, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha inapunguzwa na mabaka hayaonekani tena muzuri.

Tunafika ku lenzi ndefu, na hapa tunajua vijana watatununia. Lenzi ya 70 mupaka 200 yenye 2.8, ile ya ku televizyo, ikiwa mupya inapita dola elfu moja, na iko na uzito wa kilo moja na nusu. Kuko ya bei ya chini, 55 mupaka 250, nyepesi, lakini ukiivuta yote inabaki na 5.6; na kwa urefu huo mukono ukitetemeka kidogo picha nzima inatetemeka, kwa hiyo inaomba kasi ya sehemu moja ya 400 ya sekunde. Saa kumi na moja na nusu, jua likienda nyuma ya milima, mechi iko dakika ya themanini, hiyo kasi haipatikani kirahisi.

Lakini tungekuwa na hizo dola, bado tungesema hapana. Lenzi ndefu inapiga mutu bila yeye kujua. Wanachama wengi wa chama hiki walikimbia vita. Kuko wamama waliotendewa mambo ambayo hatutayataja hapa, na kuko wanaoogopa hata leo mutu fulani ajue wanaishi kijiji gani. Lenzi ya 50 inakulazimisha kusimama meta mbili mbele ya mutu, kumusalimia, kumwambia picha inaenda wapi, na kusikia jibu lake. Akisema hapana, ni hapana, na asipoteze fasi yake ku mugawanyo juu ya hiyo. Tena mu zone yetu, mutu anayepita ku bariere na kitu kirefu cheusi mukononi anatoa maelezo marefu pia. Kambi ya askari, bariere na bandari hazipigwi bila ruhusa, kwa kamera yoyote, hata ya simu.

Hapo tunawageukia wafadhili wetu, kwa heshima. Munatuomba picha za kuonyesha kwamba kazi ilifanyika, na muko na haki, kwa sababu feza ni yenu na nyinyi pia munaulizwa. Lakini tunaomba mupokee picha ya mikono kwenye jembe, ya shamba lenye watu ishirini wameinama, ya mifuko ya mbegu na daftari la sahihi juu yake. Hizo zinapigwa na 18, kwa upana, na zinaonyesha kazi kuliko uso mumoja wa huzuni. Kwa mama ambaye maisha yake yako hatarini, uso hautatoka, wala nyumba yake. Na simu zote za raporti zizimwe ule ulinzi wa fasi, yaani alama ya GPS, kwa kuwa ikiwashwa inaandika ndani ya picha mahali kamili ilipopigwa. Kuficha uso na kuacha hiyo alama ni kufunga mulango na kuacha ufunguo inje.

Bodi gani basi? Kwetu ulizo la kwanza ni batri. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani ni ndogo na nzuri sana, lakini zinatumia skrini muda wote, na nyingi zinapiga picha 250 mupaka 400 kwa batri moja. Canon 2000D, ya mutindo wa zamani wenye kioo, imepimwa kwa picha 500. Nikon D3500 imepimwa kwa 1550. Mutu anayepanda Fizi na kukaa huko siku tatu, akichaji ku panneau ya jirani, anaelewa hiyo tofauti bila kuelezwa.

Kama tunanunua ya okazyo, na tutanunua ya okazyo, kuko mambo ya kuangalia. Peleka karata yako ya memwari, piga picha ishirini, uziangalie ku kompyuta. Toa lenzi, washa tochi ya simu upande mumoja, chungulia upande mwingine: ukiona nyuzi sawa nyumba ya buibui, hiyo ni kuvu, na hapa karibu na ziwa unyevu unaikomalisha. Rudisha, hata kama bei ni tamu. Kwa Nikon ndogo za D3000 na D5000 uliza kama lenzi imeandikwa AF-S. Ile yenye AF peke yake itaingia kwenye bodi, lakini haitajitafutia ukali, utazungusha kwa mukono kila picha. Na kwa Nikon nyingi, hesabu ya picha zote ambazo bodi imekwisha kupiga imeandikwa ndani ya faili ya picha yenyewe. Mutu wa kompyuta anaweza kuisoma, na hapo muuzaji anayesema «haijatumika» anaanza kuangalia chini.

Pendekezo letu kwa komite ni hili. Bodi moja ya okazyo ya aina ya D3500 ao 2000D, lenzi ya 18 mupaka 55, lenzi moja ya 1.8, batri mbili, karata mbili, na mufuko wa kufunga vizuri juu ya vumbi la barabara. Lenzi ndefu tuache. Vijana wawili waitumie ku harusi, na sehemu ya malipo irudi mu mufuko wa chama, iandikwe mu daftari mbele ya mama muweka hazina. Sehemu hiyo komite ipime. Lakini mama aliyeuliza juu ya mbegu awe kati ya wanaopima, kwa sababu feza ikirudi, ulizo lake litakuwa limepata jibu.

Muzee mumoja ametuuliza kama kamera italala wapi. Isilale nyumbani kwa mutu mumoja. Ilale ku biro, ndani ya boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kila mwenye kununua viatu atuletee. Jumamosi bodi mbili zitaletwa hapa zijaribiwe. Wale wenye karata ya memwari waje nayo, na mutu mumoja aje na tochi.