Tuhesabu Kwanza

Mwaka juzi alitujia kijana aliyemaliza Kidato cha Sita akiwa na E ya Historia na E ya Jiografia. Baba yake alikwishamtafutia kazi ya dukani. Tulimwomba aketi, tuhesabu. Ili kuingia chuo kikuu hutakiwa walau pointi nne katika masomo mawili. D ni pointi mbili, E ni moja. Basi kila somo likipanda daraja moja tu, yatosha!

Akajiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tulipokagua madaftari yake tuliyakuta yamejaa mistari ya wino mwekundu, lakini hamkuwa na jibu hata moja aliloliandika mwenyewe. Alikuwa akisoma bila kujibu. Kwa miezi saba, kila Jumamosi aliketi saa tatu kamili na karatasi ya mtihani uliopita, madaftari yamefungwa. Jumapili tukisahihisha pamoja. Miezi miwili ya kwanza hakusogea, nasi, tukiri, tuliingiwa na shaka. Mwezi wa tatu akaanza kumaliza maswali yote.

Mei akafanya mtihani: C na D, pointi tano. Wazazi wenye matokeo kama yale ya kwanza, yaleteni tuyahesabu kabla hamjaamua.