Bwawa Lisiwe la Samaki wa Aina Moja



Mabwawa mengi ya vijijini yalichimbwa kwa ajili ya mifugo na matumizi ya nyumbani. Samaki huja baadaye, na mara nyingi ni ngege peke yake. Ngege huzaa upesi na soko lake lipo. Lakini akiachwa peke yake huzaana kupita kiasi, chakula hupungua, na bwawa hujaa samaki wadogo wasiokua. Ndiyo sababu wafugaji wengi humchanganya na mumi, yaani kambare, ambaye hula vitoto vya ngege. Wanaobaki hupata nafasi ya kunenepa.

Hata hivyo, si kila samaki anafaa kuongezwa. Ziwa Victoria limetoa funzo. Mbuta aliletwa humo miaka ya 1950, pamoja na ngege wa kigeni wa Mto Nile. Mbuta alileta viwanda na fedha, lakini aina nyingi za fulu zilitoweka, na ngege wa asili akawa adimu. Leo ngege huyo bado anapatikana Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, ambako mafunjo ya Yala yamemkinga. Ziwa dogo limehifadhi kile ambacho ziwa kubwa lilipoteza.

Bwawa la kijiji nalo linaweza kuhifadhi au kuharibu. Mvua ikizidi, maji hufurika na samaki huingia katika mito kama Kuja na Migori, kisha ziwani. Mito hiyo ni njia ya ningu, anayepanda wakati wa mvua kutaga mayai. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilimpunguza sana karne iliyopita. Anayeziba mto kwa nyavu msimu huo huvua mama pamoja na mayai yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutia vifaranga, mwombe afisa wa uvuvi wa kaunti akague asili yao. Weka wavu kwenye njia ya kutokea maji. Panda nyasi ukingoni ili tope lisijaze bwawa. Mtoni, acha ningu apite mvua zinaponyesha. Akitaga salama, watoto wenu nao watamjua kwa kumla, si kwa kusimuliwa.