Siku ya Mapumziko Tusiimalize Mlangoni

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Nakuru)



Kamati imetutuma tuseme nanyi juu ya matembezi ya wakati huu wa kiangazi. Twajua wako watakaonung'unika kwamba wamekuja kusikia habari za mishahara, si habari za kupanda vilima. Ya mishahara katibu atayasema baada yetu. Lakini hili nalo ni jambo la chama, na tutaonyesha sababu yake.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba kila mfanya kazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na akiisha kufanya kazi miezi 12 mfululizo apate likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Haki hizo hazikudondoka kama mvua. Basi sisi twazitumiaje? Wengine wetu twaiuza siku hiyo kwa kazi ya ziada juma baada ya juma. Wengine huilala kutwa. Wengine, na tusitajane majina, huimaliza katika kilabu kilicho karibu na landhi, na kesho yake hufika kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Tena msimamizi akimwita mtu siku yake ya mapumziko, mtu huyo hana la kujibu, maana ameonekana amekaa tu mlangoni. Mwenye kupanga safari na watoto wake ana neno la kusema.

Iko na habari ya afya. Dereva wa gari la moshi hukaa. Karani hukaa. Hata mafundi wa karakana husimama mahali pamoja mpaka miguu inavimba. Wenzetu wangapi wamekwisha kuambiwa zahanati kwamba wana presha au sukari? Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa haraka kidogo kila juma. Hizo ni saa mbili na nusu tu.

Ndugu zetu wa gengi wametucheka sana katika habari hii. Wamesema, "Sisi twatembea taruma kwa taruma tangu asubuhi, na nyundo begani. Mwataka tutembee tena Jumapili?" Neno lao ni la haki, na hatutaki kulipita. Kweli hawana haja ya kuambiwa juu ya mwendo. Lakini tuwaulize: je, mke wako amepata kuiona Menengai? Watoto wako, waliozaliwa hapa hapa, wanajua nini cha mji huu zaidi ya ukuta wa landhi, shule na soko? Mtu aendaye kazini hutembea akitazama chini, asijikwae. Siku ya mapumziko hutembea akitazama mbele, na pembeni yake yuko mtoto anayeuliza maswali. Mambo hayo mawili si mamoja.

Sasa tuseme juu ya mahali penyewe. Nakuru yetu, iliyopewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina bahati ambayo miji mingi haina. Wageni huja kutoka Ulaya kutazama vitu ambavyo sisi twaweza kuvifikia kwa miguu.

Menengai ndiyo ya kwanza. Kilele cha ukingo wake kina mita 2,278 juu ya bahari, na mji wetu uko kama mita 1,850, kwa hiyo ni kupanda zaidi ya mita 400. Kutoka mjini kupitia Milimani ni mwendo wa kilomita 8 hivi. Ukifika juu, ardhi yakatika mbele yako ghafula, na chini waona shimo lenye upana wa kilomita 8 kwa 12, limejaa mawe meusi ya volkeno na vichaka, na huku na huku moshi wapanda. Moshi huo ni mvuke wa maji yaliyopashwa moto chini ya ardhi. Tangu mwaka 2011 mvuke huo huchimbwa kwa ajili ya umeme. Lakini wazee wa Kimaasai wana habari nyingine. Husimulia kwamba katika karne ya 19 makundi mawili ya Wamaasai yalipigana pale juu, Ilpurko na Ilaikipiak, na walioshindwa wakatupwa shimoni, na moshi huo ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda mbinguni. Watoto huipenda sana habari hii kuliko ile ya umeme. Upande wa kusini mwaona mji wote na ziwa. Na wako Wakristo wanaoshuka mapangoni kusali na kufunga. Tukiwakuta tusiwapigie kelele.

Yatupasa kuwa na adabu na mlima huo. Twende kundi, si mtu mmoja mmoja, maana njia za msituni zina mahali pa upweke na wezi hupenda mtu aliye peke yake. Tuondoke alfajiri, kwa sababu miezi ya Januari na Februari jua la saa sita huku si la mchezo, na vumbi nalo mwalijua. Kila mtu achukue maji yake, lita mbili hazizidi, kwani juu hakuna bomba. Mtoto asiachiwe mkono kwenye ukingo. Mtu asishuke shimoni bila mwenyeji anayeijua njia, maana mawe ni makali, joto ni jingi, na kupanda kurudi ni kazi nyingine kabisa. Mwenye presha aulize zahanati kwanza. Na akiambiwa asipande, apande bodaboda mpaka karibu, atukute huko. Kilima hakina masharti ya kufika kwa miguu.

Mahali pa pili ni Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kama kilomita 4 kutoka mjini kwa barabara ya Nairobi. Hapo pana makumbusho madogo na mwendo ni mwepesi, hata mama mwenye mtoto mgongoni atauweza. Bibi Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937, akapata makaburi na vyombo vya watu wa kale. Jambo lililotupendeza sisi ni mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Tazameni basi: watu wale nao walikuwa na kazi zao na mifugo yao, lakini walipata nafasi ya kucheza bao. Tena zamani sana maji ya ziwa yalifika mpaka chini ya kilima hicho.

Na ziwa lenyewe limeanza kurudi. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda, yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi na kuwafukuza wengi wa jirani zetu kutoka nyumba zao. Heroe wengi wakahamia Bogoria, maana maji yaliyozidi huharibu chakula chao. Hifadhi ilipata kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na faru wamo, weusi na weupe. Lakini humo hairuhusiwi kutembea kwa miguu penye wanyama, yahitaji gari. Shauri la kamati ni kukodi matatu moja na kugawana nauli. Kiingilio hulipwa kwa simu kwa njia ya serikali, na kila mtu mzima achukue kitambulisho, asije akatozwa kama mgeni. Bei hubadilika, kwa hiyo mweka hazina ataiuliza kabla hatujachanga.

Wenye baiskeli waweza kwenda Ngata kuitazama ngome ya Lord Egerton, aliyoimaliza mwaka 1954. Ni nyumba kubwa mno kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, lakini tusiseme mengi.

Limebaki neno la zamu. Hatuwezi kupumzika wote siku moja, maana reli hailali. Tena ndugu Wasabato na ndugu Waislamu wasisahauliwe kwa kuwekewa kila safari Jumapili asubuhi au saa za sala. Basi kamati yaomba safari mbili kila mwezi mpaka mvua za masika zianze, moja siku ya Jumapili mchana na moja siku ya katikati ya juma. Anayetaka kubadilishana zamu na mwenziwe waandikishane mbele ya msimamizi mapema, wala asitoroke mtu kazini kwa jina la chama.

Karatasi ya majina iko mezani kwa katibu. Andikeni na idadi ya watoto, maana mandazi na chai vitapikwa kwa hesabu hiyo. Safari ya kwanza ni Hyrax Hill, ili wazee na watoto wasiachwe, na Menengai itafuata. Tutakutana mbele ya stesheni saa moja asubuhi, na atakayechelewa atufuate njiani.