Baridi Yabisi Inavyoishika Miguu



Leo twataka kuwaeleza habari za ugonjwa ambao humvunjia mtu heshima yake kabla haujamvunja miguu. Mama huamka alfajiri, akitaka kushuka kitandani nyayo zake hazikubali kukanyaga chini. Hushika ukuta, huchechemea, na moto hauwashwi mpaka jua limepanda. Yapata saa nne maungo yamelegea, naye huchukua jembe akaenda shamba kama wenzake. Majirani waliomwona asubuhi, wakamwona tena adhuhuri, husema, "Huyu ni mvivu tu, ajisingizia." Hata barazani tumesikia mashauri ya namna hii. Basi ijulikane kwamba tofauti hiyo ya asubuhi na mchana ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe. Viungo hukazana wakati wa kulala, na kulegea mtu anapokwenda huku na huko.

Ugonjwa huu twauita baridi yabisi. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, maana yake ni baridi na ukavu, kwa kuwa matabibu wa kale waliamini kwamba maradhi hutokana na kuzidi kwa joto au baridi, unyevu au ukavu, katika mwili wa mtu. Jina limebaki, imani hiyo imekwisha. Tena watu wamezoea kuita kila maumivu ya viungo kwa jina hili, lakini sisi hapa twasema juu ya ule mmoja tu ambao askari wa mwili huasi. Maana mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu, na katika ugonjwa huu askari hao hugeuka wakaushambulia utando laini uliomo ndani ya kiungo. Utando huvimba na kutoa maji mengi. Ukiachwa, hula gegedu inayofunika ncha za mifupa, kisha hula mfupa wenyewe. Hauambukizi, wala haukutumwa na mtu. Baadhi ya watu huurithi wepesi wa kushikwa nao katika ukoo, na uvutaji wa tumbaku huongeza hatari. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 18 duniani kwa mwaka 2019, na katika kila 10 kati yao, yapata 7 ni wanawake. Wala haungojei uzee. Wengi huanza wakiwa na nguvu zao.

Watu huutazama mikononi kwa sababu mikono huonekana. Lakini nyayo hushikwa mapema, na kwa wengine hutangulia mikono. Mahali penyewe ni pale vidole vya mguu vinapoungana na wayo. Mgonjwa husema ahisi kama akanyaga changarawe, ijapokuwa amesimama juu ya mkeka. Wayo hutanuka upande wa mbele, na kiatu cha mwaka jana hakiingii. Miaka ikipita bila dawa, kidole gumba huinama kuelekea wenzake, vidole vingine hukunjamana kama makucha, na vichwa vya mifupa hushuka chini. Hapo sugu hutokea, na sugu huweza kupasuka ikawa kidonda. Pengine uvungu wa wayo hulala, mguu ukawa bapa, na kisigino kikaelekea nje.

Goti hujaa maji. Mgonjwa hupata nafuu akilikunja, kwa hiyo usiku huweka mto chini yake, na jamaa zake humsaidia kwa huruma. Yafaa waache. Goti lililozoea kukunjwa majuma mengi huweza kukataa kunyooka tena, na nyama za paja hupungua. Mara nyingine maji hujikusanya nyuma ya goti kama yai. Uvimbe huo ukipasuka, shavu la mguu huvimba na kuuma ghafula. Na kwa kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa huleta dalili zile zile, mtu huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nyonga kwa kawaida hushikwa baadaye, wala si kwa wote. Maumivu yake husikika kinenani, au hushuka mpaka gotini, mtu akasugua goti bure.

Mchoraji Mfaransa Auguste Renoir, aliyezaliwa mwaka 1841, alishikwa na ugonjwa huu alipokuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Alikuwa na sifa na fedha, lakini miaka yake ya mwisho, mpaka alipokufa mwaka 1919, alichora akiwa katika kiti cha magurudumu. Dawa ya kuwatuliza askari wale haikuwapo. Sasa ipo. Iliyo mashuhuri ni methotreksati, ambayo Marekani iliikubali kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Hunywewa mara moja tu kwa juma; kuinywa kila siku kumeua watu. Mwenye mimba asiiguse, na damu ya anayeinywa hupimwa mara kwa mara. Vidonge vya steroidi vinavyouzwa dukani bila cheti ni habari nyingine. Huondoa maumivu upesi, mtu akafurahi. Lakini vikinywewa miezi mingi uso huvimba, mifupa hudhoofika, na kuviacha ghafula kwaweza kumwangusha mtu.

Miezi ya kwanza ndiyo yenye thamani, maana mfupa ulioliwa haurudi. Kwa hiyo twawaomba ninyi machifu na walimu: likija kwenu shauri la mtu asemwaye kuwa mvivu wa asubuhi, ulizeni kwanza habari za miguu yake. Ikiwa ugumu hudumu zaidi ya nusu saa, na umeendelea majuma 6, shikeni wayo pale vidole vinapoanzia, mkaubane polepole kutoka pande zote mbili. Akishtuka kwa maumivu, mwandikieni barua aende nayo hospitali, na ndani yake mtaje saa anayoamka na saa ambayo miguu hulegea. Lakini hata asiposhtuka, ikiwa viungo vimevimba, barua iandikwe vile vile.