Utani, Tusi na Sheria



Wazee wetu walitulea katika utani. Mchaga na Mpare wakikutana, hata msibani, hutupiana maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Hakuna aendaye polisi, kwa maana watani wanajuana na wanatazamana usoni. Siku hizi neno lilo hilo huandikwa katika simu, likawafikia maelfu wasiomjua mwandishi wala kusikia kicheko chake. Hapo ndipo sheria inapoingia.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kilikataza kutangaza habari za uongo au za kupotosha kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya watu. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwezi Juni 2016, mahakama ya hapa Arusha ilimtia hatiani mtu aliyemwita Rais "bwege" katika Facebook. Aliamriwa alipe shilingi milioni 7 au afungwe miaka 3.

Tujiulize: je, ile ilikuwa habari ya uongo, au maoni yaliyokosa adabu? Sisi hatulisifu tusi, kwani humjeruhi mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini si kila dhambi ya ulimi yastahili gereza.

Tarehe 5 Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake papa hapa Arusha, iliamua kwamba Burkina Faso ilivunja uhuru wa kujieleza ilipomhukumu mwandishi Lohé Issa Konaté kifungo cha miezi 12 kwa kashfa. Mahakama haikusema kwamba kila neno liachwe huru. Ilisema kifungo kwa kosa kama hilo kimepita kiasi. Hukumu ile ilielekezwa kwa nchi nyingine, lakini Mkataba wa Afrika uliotumika ni ule ule ambao Tanzania imeuridhia, na ibara ya 18 ya Katiba yetu yalinda uhuru wa maoni.

Kwa mama auzaye ndizi sokoni, milioni 7 ni sawa na kufungwa. Tena, adhabu nzito humnyamazisha hata asiyetukana. Mwenye neno la kweli juu ya maji au shamba lililoporwa ataogopa kulitamka, nasi tutauita ukimya huo amani.

Basi, kabla ya kutuma neno, tujiulize kama tungeweza kumwambia mhusika ana kwa ana. Na mwenzetu akishtakiwa kwa neno lake, Jumuiya isimkimbie: imtembelee, imtafutie mwanasheria, iitunze familia yake. Kumwonya ni wajibu wetu. Kumtupa si ruhusa.

Mungu awabariki.