Kompyuta Inapoganda Baada ya Kusakinishwa Linux: Tusome Ushahidi Kabla ya Kufuta

Mada ya semina ya mafundi wa kompyuta na walimu wa TEHAMA

Utangulizi



Hali hii tunaijua sote. Laptop imepigwa Linux, usakinishaji umekwisha salama, mashine imewaka hadi mwisho. Muda mfupi baadaye mshale wa mausi unasimama, saa ya kwenye skrini haisogei na kibodi haijibu. Fundi anabana kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, anachomeka flashi, anaanza kusakinisha upya.

Mada hii inaipinga desturi hiyo. Ukisakinisha upya toleo lilelile unarudisha kerneli ileile na draiva zilezile kwenye vifaa vilevile, kwa hiyo mara nyingi mashine itaganda tena. Hasara kubwa zaidi ni kwamba umefuta rekodi ambazo zingekuonyesha chanzo. Kuganda ni dalili, kama homa: magonjwa mengi huileta, na dawa ya moja haitibu lingine. Kazi ya kwanza ya fundi ni kupima.

1. Nini bado kiko hai?

Kabla ya kugusa kitufe cha kuzimia, chunguza. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikibadilika, mfumo bado unapokea kibodi. Isipobadilika, usihukumu haraka, maana huenda kilichokufa ni sehemu inayosimamia picha peke yake. Taa ikipepesa yenyewe bila kuguswa, hasa kwenye kibodi ya laptop, kerneli yenyewe imeanguka.

Kisha bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukipata skrini nyeusi inayoomba jina la mtumiaji, mfumo uko hai na tatizo liko upande wa picha. Ingia, andika top, utaona programu inayokula prosesa au RAM. Skrini isipobadilika, jaribu kuifikia mashine kwa ssh kutoka kompyuta nyingine ya mtandao uleule. Ubuntu ya kompyuta za mezani haiji na huduma hiyo, kwa hiyo inafaa kusakinisha openssh-server mapema kwenye mashine unayoishuku.

2. Kuzima bila kupoteza rekodi

Huduma inayotunza rekodi za mfumo huandika nyingi kwenye diski kwa vipindi vya dakika 5, isipokuwa zile za hatari kubwa ambazo huandikwa papo hapo. Ukikata umeme ghafla, mistari ya mwisho, ambayo ndiyo unayoihitaji, inaweza kupotea.

Shikilia Alt pamoja na SysRq, ambayo kwenye kibodi nyingi ni kitufe cha PrtSc, kisha bonyeza S, U na B kwa kufuatana, ukisubiri sekunde chache kati ya herufi na herufi. S huandika kwenye diski kila kilichobaki kwenye RAM, U huifunga diski isiandikwe tena, na B huwasha upya. Kwenye baadhi ya laptop utahitaji kushika Fn pia. Herufi hizi tatu zinaruhusiwa na Ubuntu bila kubadilisha mpangilio wowote. Zikikataa kabisa, kerneli haipumui tena. Hapo ndipo kitufe cha kuzimia kinakuwa halali.

3. Kusoma rekodi

Mashine ikiwaka, fungua terminali uandike:

journalctl -b -1 -k

Amri hii inaonyesha maneno ya kerneli ya kipindi kilichotangulia, yaani kile kilichoishia kwenye kuganda. Nenda mwisho kabisa, usome kurudi juu. Mistari ifuatayo ni ya kukariri. Ukiona "nouveau", "GPU HANG" au "NVRM: Xid", shuku kadi ya picha. "Out of memory: Killed process" maana yake RAM iliisha. "I/O error, dev sda" inaelekeza kwenye diski au waya wake. "Hardware Error" inaelekeza kwenye prosesa, RAM au bodi.

Rekodi zikikatika ghafla bila kosa lolote, huo nao ni ushahidi: huenda mashine ilisimama kabla kerneli haijapata nafasi ya kulalamika. Elekeza macho kwenye vifaa.

4. Visababishi na tiba

Kadi ya picha. Hapa ndipo pa kuanzia kwenye mashine zenye NVIDIA, kwa sababu Linux huanza na draiva huria ya nouveau, ambayo haielewani na kila kadi. Washa mashine ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift kwenye zile za BIOS ya zamani, hadi menyu ya GRUB itokee. Weka alama kwenye chaguo la kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux. Mwishoni mwake utakuta quiet splash. Futa maneno hayo mawili, andika nomodeset, bonyeza F10. Badiliko hili ni la kuwasha mara moja tu. Mashine ikitulia, umempata mshukiwa, lakini bado hujamtibu, kwani nomodeset huzima uwezo mkubwa wa kadi. Tiba kwenye Ubuntu ni sudo ubuntu-drivers install. Kama Secure Boot imewashwa, huenda ukaombwa kuweka nenosiri, na hapo mashine ikiwaka tena skrini ya buluu itakutaka uthibitishe ufunguo. Ukiipita skrini hiyo bila kuthibitisha, draiva mpya haitapakiwa.

Uhaba wa RAM. Dalili yake ni mausi kusogea kwa kurukaruka huku taa ya diski ikiwaka bila kupumzika, na pengine mashine kuzinduka baada ya muda. RAM ikijaa, kerneli huhamishia data kwenye eneo la swap, na diski ya kuzunguka haiwezi kwenda na kasi hiyo. Pima kwa free -h. Mashine ya GB 2 haifai kubebeshwa Ubuntu kamili na kivinjari chenye kurasa nyingi. Ongeza RAM, au weka Lubuntu au Xubuntu, na usakinishe earlyoom ili programu moja ifungwe kabla mashine nzima haijakwama.

Diski. Sakinisha smartmontools, kisha andika sudo smartctl -a /dev/sda. Current_Pending_Sector ikiwa juu ya sifuri, nakili data ya mteja kwanza, mengine baadaye. UDMA_CRC_Error_Count ikizidi kupanda, badilisha waya kabla ya kulaumu diski.

Usingizi wa prosesa. Prosesa za Intel za familia ya Bay Trail, iliyotoka mwaka 2013, zikiwemo Celeron N2840 na J1900, zilijulikana kwa kuganda kabisa chini ya Linux zilipoingia kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme. Hapa rekodi huwa kimya. Fungua /etc/default/grub, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha sudo update-grub. Gharama yake ni betri kuisha mapema zaidi, na mteja aelezwe hivyo waziwazi.

RAM mbovu na joto. Pima RAM kwa Memtest86+ hadi duru nzima ikamilike. Kosa hata moja latosha kuikataa. Kwa joto, soma vipimo kwa amri ya sensors, safisha feni na ubadilishe pasta ya prosesa iliyokauka.

5. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo manne kwa karakana na maabara zetu. Kwanza, tuhakiki faili la ISO kwa sha256sum kabla ya kuliweka kwenye flashi, ili usakinishaji wenyewe usiwe chanzo cha mashaka. Pili, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja; fundi aliyebadilisha draiva, RAM na toleo kwa mkupuo hawezi kusema kipi kimeponya. Tatu, kila karakana iwe na daftari la aina ya mashine, mstari wa kosa na tiba iliyofaa. Nne, walimu wafundishe journalctl mapema, sambamba na somo la kusakinisha.

Mteja ambaye laptop yake imeganda mara tatu hurudi kwenye mfumo wake wa zamani akiamini Linux ni mbovu, ilhali kilichokosekana ni uchunguzi wa muda mfupi. Nawasihi wenzangu: mashine ikiganda, flashi ibaki mfukoni mpaka rekodi zisomwe.